Dondoo muhimu: Umehamia nyumba yenye mita ya umeme ya LUKU?

Kabla hujafungua mizigo, anza na mita.

• Andika namba ya mita na uniti zilizobaki, mwenye nyumba akiwepo.

• Nunua umeme kidogo kwanza. Risiti itaonyesha kama kuna makato ya deni la zamani au kodi ya jengo. Kubalianeni mapema nani atabeba lipi.

• Mita inakataa tokeni ya tarakimu 20, au kioo kimezima? Toa taarifa TANESCO ili ikaguliwe na, ikibidi, ibadilishwe.

• Mita mpya huja na namba mpya. Futa ya zamani kwenye simu, usije ukalipia namba isiyo yako.

• Fundi wa mtaani asiifungue mita kamwe: hiyo ni mali ya TANESCO.