Matundu ya Wavu na Samaki wa Naivasha

Ziwa Nakuru ni la magadi, lakini Ziwa Naivasha, lililo jirani yake, lina maji matamu. Zamani samaki wake wa asili walikuwa wadogo mno. Perege waliletwa katika miaka ya 1920, na uvuvi wa biashara ulianza mwaka 1959. Samaki walivuliwa kupita kiasi, hata mwaka 2001 uvuvi ukafungwa kwa muda. Yapata wakati huo alionekana samaki mgeni aitwaye kapu, wa jamii moja na kuyu wa mitoni, naye ndiye aliyekuja kuwa tegemeo la wavuvi.

Kapu hutafuta chakula kwa kuchimbua tope, na hutaga mayai katika majani ya maji machache ya ukingoni. Basi mtu akokotaye huko wavu wa matundu madogo hupata ndoo ya vitoto leo, akajinyima samaki wakubwa wa mwakani. Wavu wa matundu makubwa huwaacha wachanga wakue na kutaga kwanza.

Mvuvi mwenye busara huvua penye kina, huyaacha mafunjo yasimame, tena huwaonya wenzake. Kwa maana ziwa ni moja, na kosa la mmoja huwa njaa ya wengi.