Shafti Ikipoa: Somo Moja la PT Kutoka Gerezani

Nafasi za PT zilipotoka, kwenye kundi letu la WhatsApp swali lilikuwa moja tu: nani kapata Posta? Posta maana yake ofisi yenye kiyoyozi, lifti, kitambulisho cha shingoni, na mchana unapiga picha pale kwenye Sanamu ya Askari. Mimi nilipangiwa karakana ya kukereza vyuma, Gerezani. Asubuhi ya kwanza tulikutana watatu kituo cha mwendokasi Ubungo. Wenzangu walipanda ya Kivukoni, mimi ya Gerezani. Zote zinafuata Barabara ya Morogoro hadi Faya, halafu yao inanyooka kwenda Posta na yangu inakata kulia kuingia Msimbazi. Nilijiona kama mtu aliyekosea njia.

Naandika haya kwa ajili ya wadogo zetu wa uhandisi mitambo wanaokwenda PT mwaka huu, hasa watakaopangiwa sehemu wasiyoitaka. Nitaeleza kosa moja nililofanya mwenyewe, kwa sababu ndani yake kuna hesabu ambayo sote tunaijua na kuna tabia ambayo wengi wetu hatuna.

Wiki mbili za kwanza nilifagia chenga za chuma, nikatumwa chai, nikashika tochi. Mafundi waliniita "Injinia", na mnajua jina hilo linavyotamkwa na mtu aliyeshika mashine miaka ishirini. Wiki ya tatu akaja mzee mmoja mwenye mashine ya kusaga nafaka kule Mbagala, na shafti iliyolika pale inapokaa beringi. Mashine imesimama, wateja wanarudi na mahindi yao, na yeye anaitaka shafti kesho yake saa nne asubuhi. Fundi mkuu akanitazama. "Injinia, hii ni ya kwako. Hamsini, ibane vizuri."

Hapa tusome kidogo. Beringi ilikuwa namba 6210: tundu lake ni milimita 50, kipenyo cha nje 90, upana 20. Lakini "hamsini" ya fundi siyo 50 kamili. Kwenye mfumo wa ISO, shafti ya kukaa beringi ya namna hii mara nyingi huchorwa 50 k6, yaani kipenyo kiwe kati ya milimita 50.002 na 50.018. Tundu la beringi ya kawaida lenyewe huwa kati ya 49.988 na 50.000. Kwa hiyo shafti lazima iwe kubwa kidogo kuliko tundu, ili beringi iingie kwa nguvu na ibaki pale. Hiyo nafasi ndogo ya kukosea ndiyo toleransi. Darasani tunaisoma kwenye jedwali. Gerezani iko kwenye neno "vizuri".

Nilikereza kwa haraka, bila maji ya kupoza, nikila chuma kingi kwa mkupuo ili nionekane najua. Nilipokaribia kipimo nilisimamisha mashine, nikaishika shafti kwa kitambaa maana ilikuwa ya moto, nikaweka maikromita: 50.01. Safi kabisa. Nikaenda kula.

Niliporudi, beringi iliingia kwa mkono, kama pete kwenye kidole cha mtoto. Nikapima tena: 49.98.

Sikuelewa. Nilidhani maikromita mbovu. Kijana mwenzangu pale karakana akacheka: "Piga panchi, dogo, itabana." Akanionyesha. Unagonga vidoti vingi juu ya shafti kwa panchi, chuma kinainuka pembeni ya kila kidoti, beringi inabana. Na kweli ilibana. Nikafungua kitabu changu cha PT nikaandika: "Leo nimekereza shafti ya mm 50 kwa mafanikio."

Fundi mkuu alikuwa anasaini kile kitabu kila Ijumaa bila kukisoma. Siku hiyo alikuwa ameacha miwani nyumbani. Akasema, "Nisomee." Nikasoma. Nilipofika "kwa mafanikio" alinyanyuka, akaenda kwenye shafti, akapitisha kidole juu ya vidoti. Hakupiga kelele. Alisema, "Yule mzee akifunga hii, itakaa wiki ngapi? Na ikiachia, yule anayemwaga mahindi anakuwa amesimama wapi?"

Ndipo nikafikiri kama mtu aliyesoma. Vidoti vinashika beringi kwenye ncha tu. Mashine ya kusaga inatetemeka, ncha zinalala, pete ya ndani ya beringi inaanza kuzunguka juu ya shafti, inapata moto, inakula chuma. Nyundo za mashine zinapoteza mzani. Wa kwanza kuumia hatakuwa mimi.

Na ile 49.98 ilitoka wapi? Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua. Mita moja ya chuma hurefuka takribani milimita 0.012 kwa kila nyuzi moja ya joto. Tuseme shafti yangu ilikuwa nyuzi 80 na karakana nyuzi 30. Tofauti ni nyuzi 50. Zidisha 0.000012 kwa 50 kwa 50, unapata 0.03. Toa kwenye 50.01: 49.98. Maikromita haikuwa na kosa lolote. Mimi nilikuwa nimepima joto langu mwenyewe. Ndiyo maana kiwango cha ISO 1 kinasema vipimo vya kwenye mchoro ni vya nyuzi 20. Swali kama hilo nililipata mtihanini, nikapata alama zote, na sikulikumbuka nikiwa nimeshika kitambaa.

Tulinunua kipande kipya mtaa wa pili. Nusu ya bei nilitoa kwenye bumu langu, bila kuambiwa. Tulikereza hadi usiku, kwa maji, tukaacha ipoe kabla ya mkato wa mwisho. 50.01 ikiwa baridi. Saa nne mzee wa Mbagala alikuta shafti yake tayari. Ile ya vidoti niliomba niichukue, iko chumbani hosteli.

Ukurasa ule niliuandika upya: kosa, sababu, hesabu, marekebisho. Mwalimu msimamizi alipotutembelea alipitisha kurasa za kufagia haraka haraka, akasimama hapo. Aliniuliza maswali nusu saa nzima kuhusu ukurasa mmoja.

Kwa hiyo, unayekwenda PT:

1. Usipime kipande cha moto. Kama huwezi kukishika kwa kiganja, subiri.

2. Fundi akikupa namba, muulize kitu kinakwenda kukaa wapi na kinabebeshwa nini. Toleransi utaipata kwenye jibu hilo.

3. Usiandike "kwa mafanikio". Andika kipimo, na kama umeharibu, andika umeharibuje.

4. Shikamoo ya asubuhi na kufagia bila kununa vitakufungulia mashine mapema kuliko GPA.

Ukihitimu hutakuwa umeyamaliza haya. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina SEAP, programu ya mafunzo kazini kwa wahandisi wahitimu iliyoanza mwaka 2003. Ni kipindi cha kufanya kazi chini ya msimamizi na kuandika ulichofanya kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi kamili. Mkono wa kuandika ukweli ni bora uanze kuuzoesha sasa, wakati kosa lako bado linagharimu kipande kimoja cha chuma.

Wenzangu wa Posta walirudi na picha nzuri, na wapo waliojifunza mengi huko. Mimi mwaka huu nimeomba tena Gerezani.