Moyo Ukisimama Nyumbani, Usimsubiri Mwanafunzi wa Udaktari

Familia nyingi zina kijana anayesomea udaktari au uuguzi, na hiyo ni fahari ya nyumba. Hata hivyo, mtu akianguka ghafla, wengine wote huweza kukaa wakimsubiri huyo mmoja. Moyo uliosimama haungoji. Kila dakika inayopita bila msaada hupunguza nafasi ya kuokoka kwa hadi asilimia 10. Nchini Uingereza, sehemu kubwa ya watu ambao moyo husimama nje ya hospitali huwa nyumbani. Atakayehitaji mikono yako huenda akawa mzazi, mwenzi au mtoto wako.

Je, mwanafunzi hukumbuka?

Wanafunzi hufundishwa somo hili kwa sanamu ya mafunzo. Lakini ustadi wa mikono hufifia ndani ya miezi 3 hadi 6 usiporudiwa. Aliyefaulu mtihani mwaka jana aweza kusita leo, hasa anapomwona mama yake sakafuni. Hilo si aibu. Ndiyo maana hata madaktari na wauguzi hurudia mafunzo hayo.

Hatua za kumwokoa mtu mzima

1. Hakikisha mahali ni salama. Mtikise mabega na umwite kwa sauti.

2. Asipoitika, piga 999. Simu hiyo hailipiwi. Sema "ambulansi", kisha uweke simu kwenye spika. Inua kidevu chake, utazame kifua kwa muda usiozidi sekunde 10. Kukoroma au kutweta kwa kukatikakatika si kupumua.

3. Asipopumua kama kawaida, mlaze chali mahali pagumu. Weka kiganja katikati ya kifua na kingine juu yake, unyooshe viwiko. Bonyeza kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kiache kifua kiinuke kila baada ya kubonyeza.

4. Ikiwa umefundishwa, mpulizie pumzi 2 baada ya kila mibonyezo 30. Ikiwa hujafundishwa, endelea kubonyeza tu.

5. Mtume mtu alete kifaa cha kushtua moyo. Mhudumu wa 999 aweza kueleza kilipo. Kikiwashwa hutoa maelekezo kwa sauti, na vibandiko vyake vina picha. Vibandiko huwekwa kwenye ngozi tupu, hata kwa mwanamke. Wengine wamsitiri kwa kushika kanga, lakini kazi isisimame.

6. Pokezaneni kila baada ya dakika 2, wala msiache hadi wahudumu wafike au mgonjwa aanze kupumua.

Kama Kiingereza ni kigumu

Taja kwamba unazungumza Kiswahili. Mkalimani aweza kuunganishwa. Usikate simu.

Zoezi la nyumbani

Mwombeni mwanafunzi wenu awe mwalimu kwa dakika 10. Tumieni mto mgumu. Kamwe msibonyeze kifua cha mtu mzima wa afya. Kila mmoja, kuanzia bibi hadi mtoto wa shule, ataje namba 999, anwani ya nyumba na postikodi, kisha aonyeshe mahali pa kuweka mikono. Rudieni baada ya miezi 3.

Siku ya dharura, mwanafunzi wenu huenda akawa chuoni. Elimu yake na ibaki nyumbani, mikononi mwenu.