Kifaransa kwa Wanaoanza: Tushike Kitenzi Kwanza



Wengi wetu tuliokuja kusoma Burundi kutoka Tanzania na Uganda tumekuta masomo na mitihani ni kwa Kifaransa. Jibu unalijua, lakini linakwama kwenye kitenzi. Ndiyo maana leo naanza na hapo.

Kwanza, shika kundi la vitenzi vinavyoishia na -er, maana ndilo kubwa kuliko yote. Chukua parler (kusema). Ondoa -er, inabaki parl-. Kisha tia mikia:

je parle – ninasema
tu parles – unasema
il/elle parle – anasema
nous parlons – tunasema
vous parlez – mnasema
ils/elles parlent – wanasema

Kiswahili hubadilisha kichwa cha kitenzi, Kifaransa hubadilisha mkia. Lakini parle, parles na parlent hutamkwa sawasawa: "parl". Kwa hiyo huwezi kuacha je au tu, kama tulivyozoea katika Kiarabu cha madrasa, ambapo aktubu peke yake yatosha kumaanisha "ninaandika". Na katika kuandika, ukisahau -s au -ent umekosea, hata kama sikio halikusikia kitu.

Pili, hifadhi être (kuwa) na avoir (kuwa na). Hivi havifuati kanuni hiyo:

je suis, tu es, il est, nous sommes, vous êtes, ils sont
j'ai, tu as, il a, nous avons, vous avez, ils ont

Hapa nakuusia: usipitie Kiingereza, pitia Kiswahili. Anayepitia Kiingereza hutumia être kwenye njaa na umri, akakosea. Sisi husema nina njaa, nina kiu, nina miaka 20. Kifaransa nacho: j'ai faim, j'ai soif, j'ai 20 ans. Lugha yetu inatusaidia, tuitumie.

Tatu, vous si ya wingi tu, ni ya heshima pia. Mwalimu wako au mzee usimwambie tu, mwambie vous hata akiwa peke yake.

Zoezi: tia mikia sita kwenye travailler (kufanya kazi), étudier (kusoma) na écouter (kusikiliza). Angalia, mbele ya irabu je huwa j': j'étudie, j'écoute. Soma kwa sauti, kisha njoo na daftari baada ya darsa tusahihishane.

Wabillahi tawfiq.