"BORROW" NA "LEND": NANI ANAMPA NANI?

Somo letu linahusu neno la Kiingereza "borrow". Neno hili huwasumbua Wachina wengi wanaojifunza Kiingereza, na sababu yake inatuhusu hata sisi.

Kichina kina neno moja, "jiè", lenye maana mbili: kuchukua kitu cha mwenzako kwa ahadi ya kukirudisha, na kumpa mwenzako kitu chako kwa ahadi hiyo hiyo. Sentensi "Wǒ jièle tā yì běn shū" yaweza kuwa "Nilichukua kitabu kwake" au "Nilimpa kitabu", kwa kuazimana. Ili kuondoa utata, Mchina huongeza neno: "gěi" kwa anayepewa, "xiàng" kwa anayeombwa.

Kiingereza kina vitenzi viwili. Anayepokea hutumia "borrow", nacho huenda na "from": "I borrowed a book from Li." Anayetoa hutumia "lend", ambacho wakati uliopita huwa "lent": "I lent Li a book", au "I lent a book to Li."

Mchina akifuata mazoea ya "jiè" husema: "Can you borrow me your pen?" Hilo ni kosa. Sahihi ni "Can you lend me your pen?" au "Can I borrow your pen?"

Je, sisi tumesalimika? La. "Kuazima" kwetu ni kama "jiè". Twasema "Niazime kalamu", na pia "Nimeazima kalamu kwa Juma". Kinachoonyesha upande ni kiambishi "ni" na neno "kwa". Kwenye fedha tunatenganisha: kukopa na kukopesha.

Usidharau tofauti hii. Mtu aliyemkopesha Li yuan 100, akaandika "I borrowed 100 yuan from Li", amejiandika mdaiwa ilhali yeye ndiye anayedai. Neno moja limegeuza haki.

Basi kabla ya kusema, jiulize: kitu ni cha nani? Mwenye kitu ndiye wa "lend". Mwenye haja ndiye wa "borrow".

ZOEZI: Sahihisha sentensi hizi.
1. My teacher borrowed me his dictionary.
2. I want to lend a bicycle from my neighbour.