Mkono Mfupi wa Gia: Unachopata na Unacholipa

Wengi wetu tulikutana na nyenzo tukiwa shule ya msingi. Mwalimu alichora bembea ubaoni, akaweka egemeo katikati, jitihada upande huu na mzigo upande ule. Tukakariri madaraja matatu, mtihani ukapita. Kidato cha pili mada ileile ikarudi kwa Kiingereza, tukakariri upya. Leo ukimuuliza mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa chuoni akutajie wenzo wa daraja la kwanza, atakwambia bembea, atakwambia mkasi, halafu basi. Ila kila asubuhi anakaa siti ya mbele ya daladala, pembeni ya dereva anayekamata wenzo mwingine kila baada ya dakika. Mkono wa gia.

Somo hili ni juu ya mkono huo, na hasa juu ya kufupisha mwendo wake. Vijana wa magari wanakiita kifaa hicho shoti shifta. Mimi nitakiita mkono mfupi. Nimeandika kwa ajili ya watu wawili: yule mwenye gari la gia za mkono ambaye ameshaanza kuipigia hesabu pesa yake, na yule mwalimu mtarajiwa anayejiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha na hajui aanzie wapi mada ya mashine rahisi.

Chini ya mkono kuna nini?

Gari tulilofanyia kazi ni Eunos Roadster ya kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliyoinunua iliyotumika kutoka Japani. Ndiyo hiyohiyo Mazda MX-5 ya kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989. Nimeichagua kwa sababu ni rahisi kufundishia. Injini iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na mkono wa gia umekaa moja kwa moja juu ya giaboksi. Hakuna kebo katikati. Magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele yana kebo, na ufungaji wake ni tofauti, ingawa hesabu ni ileile.

Ukiuchomoa mkono huo utaona sehemu tatu. Juu kuna kichwa unachoshika. Katikati kuna tufe la chuma linalokaa kwenye kiti chake. Hilo ndilo egemeo. Chini kuna ncha fupi iliyovishwa bushi ndogo ya plastiki ngumu, na ncha hiyo ndiyo inayosukuma vyuma vya ndani. Ukisukuma kichwa mbele, ncha inarudi nyuma. Egemeo liko kati ya jitihada na mzigo. Daraja la kwanza, hakuna ubishi.

Hesabu ya ubaoni

Tuchukue namba nyepesi za kufundishia. Kutoka kwenye egemeo hadi kichwani ni mm 200. Kutoka kwenye egemeo hadi kwenye ncha ni mm 40. Uwiano wake ni 5. Ncha ikihitaji kwenda mm 20 ili gia moja itoke na nyingine iingie, kichwa kitakwenda mara tano yake, yaani mm 100. Upande wa nguvu mambo yanageuka: kama ncha inahitaji nyutoni 200, mkono wako unatoa nyutoni 40 tu, kama kunyanyua kilo 4 hivi.

Sasa funga mkono mfupi ambao sehemu yake ya chini ni mm 50 badala ya 40. Uwiano unakuwa 4. Kichwa kinakwenda mm 80, pungufu kwa asilimia 20. Muuzaji ataishia hapo. Wewe endelea: nyutoni 200 gawa kwa 4 ni nyutoni 50. Nguvu imepanda kwa asilimia 25. Angalia tena namba hizo mbili. Umbali umepungua asilimia 20, nguvu imeongezeka asilimia 25. Ukipunguza umbali kwa nusu, nguvu inakuwa mara mbili.

Zidisha nguvu kwa umbali uone. Mwanzo: nyutoni 40 kwa mita 0.1 ni jouli 4. Baadaye: nyutoni 50 kwa mita 0.08 ni jouli 4. Kazi haijapungua hata chembe. Mkono mfupi haukupi kitu cha bure. Unakuuzia umbali, nawe unalipa kwa nguvu.

Kuna njia ya pili ya kufupisha, ya kukata sehemu ya juu. Ukikata mm 40 juu, zikabaki 160, uwiano unakuwa 4 vilevile, na kichwa kinakwenda mm 80 zilezile. Tofauti ni kwamba pembe ya mkono haijabadilika, na kichwa kimeshuka mbali na kiganja. Mwenye mikono mifupi atainama. Ukifanya yote mawili kwa pamoja, uwiano unashuka hadi 3.2: kichwa kinakwenda mm 64, nguvu inafika nyutoni 62.5. Hapo ndipo watu wanaanza kulalamika kwamba gia ni ngumu asubuhi wakati oili bado ya baridi.

Anayesubiriwa si mkono

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanadhani kinachochelewesha gia ni urefu wa safari ya mkono. Sehemu ni kweli. Lakini ndani ya giaboksi kuna mtu mwingine anayesubiriwa: sinkronaiza.

Katika magari ya zamani, dereva alilazimika kulinganisha mwenyewe kasi ya vyuma viwili kabla ya kuviunganisha, la sivyo gia zilisaga. Mwaka 1928 Cadillac ya Marekani ilileta sokoni giaboksi inayofanya kazi hiyo yenyewe. Ukianza kusukuma mkono, pete yenye umbo la koni inabanwa dhidi ya koni ya gia. Msuguano unapunguza au kuongeza kasi mpaka pande zote mbili zizunguke sawasawa, kisha meno yanapita bila kelele. Ni sehemu ya sekunde tu, lakini ni muda halisi. Ukiwa na mkono mrefu, sehemu ya muda huo inaliwa na safari ya mkono. Ukiwa na mkono mfupi unafika mlangoni mapema, halafu unasubiri mlango ufunguliwe.

Asiyejua hilo anasukuma kwa hasira. Anadhani kifaa kibovu, kumbe anaisaga pete. Kwa hiyo tusiseme kwamba mkono mfupi unaua giaboksi, wala tusiseme hauna madhara. Haraka ya dereva ndiyo inayoua, na mkono mfupi unairahisishia kazi haraka hiyo.

Jambo jingine ni nafasi kati ya njia za gia. Mara nyingi safari ya kushoto na kulia inafupishwa pia, kwa hiyo gia ya 2 na ya 4 zinasogeleana. Giaboksi ya gari letu ina uwiano wa 1.888 gia ya 2, 1.000 gia ya 4 na 0.814 gia ya 5. Tuseme uko gia ya 5 kwa mizunguko 3,500 kwa dakika, unataka kushuka hadi 4. Injini inatakiwa kupanda hadi 4,300 hivi. Mkono ukapitiliza, ukaingia 2, ukaachia klachi: injini inalazimishwa kufika 8,100 na ushee, wakati mstari mwekundu wa mita uko kwenye 7,000 hivi. Kidhibiti cha mizunguko hakikusaidii hapo. Chenyewe kinakata mafuta, na safari hii wanaoizungusha injini ni magurudumu. Vali zinaweza kugonga pistoni. Nyumba nzima imeungua kwa sentimita moja ya mkono.

Kabla hujanunua

Shika kichwa cha gia gari likiwa frii, ukitikise. Kikicheza ovyo kama kijiko kwenye kikombe, tatizo lako huenda si urefu wa mkono. Ni bushi. Kwenye gari letu bushi ya chini ilikuwa imesagika, vipande vimebaki ndani, na mpira wa kuzuia vumbi umechanika. Fundi alishauri tuvishe kwanza bushi mpya kwenye mkono wa zamani, tulizunguke gari mtaani, ndipo tuamue. Gia zilikaza. Kaka alisema kama angejua, angeweza kuishia hapo. Aliendelea kwa sababu mkono mfupi ulikuwa umeshalipiwa na umeshafika.

Hilo ndilo ningependa ulichukue hata kama hutashika spana maishani: bushi ni kipande kidogo cha bei ndogo, mkono mfupi ni pesa ya maana. Anza na bushi, boom lako lisije likaishia kwenye kitu ambacho hukukihitaji.

Kufunga, hatua kwa hatua

Andaa spana za boksi namba 10 na 12, bisibisi ya nyota, koleo lenye mdomo mrefu, brashi, vitambaa safi, bomba la sindano lisilo na sindano, grisi na oili ya giaboksi ya kiwango kilichotajwa kwenye kitabu cha gari.

1. Egesha gari sehemu tambarare, vuta handibreki, weka mawe kwenye magurudumu. Acha injini ipoe, kwa maana giaboksi na ekzosi ziko jirani. Toa waya hasi wa betri.

2. Weka gia frii. Fungua kichwa cha gia kwa kukizungusha kinyume cha saa. Fungua skrubu za konsoli ya katikati, iinue taratibu, chomoa soketi za nyaya. Usivute kwa nguvu.

3. Utaona mpira mkubwa umefungwa sakafuni kwa boliti. Ufungue. Chini yake kuna mpira mdogo na bamba lililoshikwa na boliti tatu. Simama hapo. Kabla ya kufungua bamba, piga brashi na futa vumbi lote. Mchanga ukidondoka ndani umeharibu ulichokuja kutengeneza.

4. Fungua boliti tatu, vuta mkono wima. Angalia springi bapa ya juu ya tufe imekaa vipi. Piga picha kwa simu. Angalia kama bushi ya ncha imetoka na mkono au imebaki chini. Ikibaki, itoe kwa koleo, pamoja na kila kipande. Kisha funika tundu kwa kitambaa.

5. Laza mkono wa zamani na mpya mezani, ncha kwa ncha, upime kwa rula. Hakikisha tufe ni la ukubwa uleule. Piga hesabu yako mwenyewe ya uwiano, usitegemee maandishi ya boksi.

6. Kwenye giaboksi hii, kikombe anachokaa mkono kina oili yake, kiasi kisichofika hata ml 100. Ifyonze ile chafu kwa bomba, jaza mpya kwa kipimo cha kitabu. Wengi huruka hatua hii, kisha wanashangaa gia kuwa nzito.

7. Vika bushi mpya, paka grisi kidogo kwenye tufe na ncha, shusha mkono mpaka ncha iingie mahali pake. Ukigoma usiulazimishe; uinue, utazame, urudie. Rudisha springi, mpira mpya na bamba. Kaza boliti kidogokidogo kwa zamu, siyo moja mpaka mwisho.

Kujaribu

Usirudishe konsoli bado. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga klachi, ingiza gia zote, pamoja na ya kurudi nyuma. Kila moja lazima iingie mpaka mwisho wake. Ncha ndefu inaweza kugonga chini ya kikombe, na mkono unaweza kugonga ukingo wa tundu la sakafu. Gia isiyoingia yote itaruka njiani, pengine ukiwa mlimani na lori nyuma yako. Rudia injini ikiwa imewashwa, gari limesimama, klachi chini. Ndipo uende barabarani polepole, ukisubiri kila gia ikukaribishe. Ukiridhika, rudisha mpira mkubwa, konsoli na kichwa.

Kwa wanaokwenda kufundisha

Huhitaji gari darasani. Chukua rula ya sm 30, toboa tundu kwenye sm 5, ipigilie msumari kwenye ubao ili izunguke. Funga uzi na kijiwe upande mfupi, vuta upande mrefu kwa kidole. Kisha hamishia msumari kwenye sm 8. Waache wanafunzi wahisi wenyewe kidole kinavyokwenda safari fupi na kuchoka zaidi. Maneno ya Kiingereza ya mtihani yaje baada ya kidole kuelewa.

Zoezi

1. Mkono wa gia una sm 24 juu ya egemeo na sm 4 chini yake. Ncha inakwenda mm 15. Kichwa kinakwenda umbali gani? Sehemu ya chini ikiwa sm 6, umbali utakuwa gani, na nguvu itabadilika vipi?

2. Gari lililoelezwa hapo juu liko gia ya 3, uwiano 1.330, mizunguko 5,500. Dereva anataka 4, anaingiza 2 na kuachia klachi. Injini italazimishwa kufika mizunguko mingapi?

3. Dereva analalamika kwamba gia zake zinacheza na anataka mkono mfupi. Utamuuliza nini kwanza?

*Majibu: (1) mm 90, mm 60, nguvu inaongezeka kwa nusu. (2) Karibu 7,800. (3) Muulize bushi yake ilibadilishwa lini.*