Kanuni auni na mamluki wa UMISSETA

Papa Pio XI, katika waraka Quadragesimo Anno wa mwaka 1931, alifundisha kwamba jambo linalowezekana ngazi ya chini lisinyakuliwe na ngazi ya juu. Ndiyo kanuni auni. Mfano tunao kwenye UMISSETA: mwanafunzi wa Mikumi huanzia shuleni kwake, akichaguliwa huchezea Wilaya ya Kilosa, kisha Mkoa wa Morogoro, hadi taifa.

Je, mamluki azuiwe wapi? Kamati za juu zina makaratasi (nayo yana kazi yake). Lakini anayejua kwa hakika kwamba kijana huyu hasomi hapa ni mwalimu wa michezo shuleni. Akinyamaza ili kombe lije nyumbani, afisa michezo wa mkoa atabaki kukisia umri kwa kutazama ndevu.